«Prefe muzuri, masomo muzuri»: tuache kidogo huu wimbo

Wandugu, kuna sentensi moja ambayo kila mtu aliyesoma hapa Likasi anaijua, na wengi wetu tumeiandika ku page hii bila kuiangalia mara mbili: prefe akikuwa muzuri, na masomo inakuwa muzuri. Kwa Kifaransa ni fupi zaidi, tel préfet, telle école. Shule ikianguka ku Examen d'État tunauliza prefe ni nani. Ikipandisha tunamshangilia prefe, wazazi wanamchangia kitambaa cha suti. Mwezi huu peke yake nimesoma hapa maandishi matano ya wenzetu juu ya «leadership» ya shule, na yote matano yanaimba kitu kimoja: kiongozi awe na maono, awe mfano, awe na moyo wa kutumikia, na mengine yatajipanga yenyewe nyuma yake.

Mimi nilisoma agronomia, si pedagojia. Lakini nilifundisha biolojia mwaka mzima ku shule moja ya sekondari ya Kikula (jina naliacha), niko na wadogo wangu wawili ku primeri, na nimekalia semina tatu za leadership, zile za kutoka na brevet na chupa ya sukre. Niko na brevet tatu za uongozi na sijaongoza hata kuku. Kwa hiyo naomba niseme kile ninachoona hakiende sawa mu huu wimbo wetu.

Kwanza tuwape haki yao. Wanaosema kiongozi ni wa maana hawadanganyi. Mwaka 2004 Kenneth Leithwood na wenzake walikusanya tafiti nyingi kwa ajili ya Wallace Foundation ya Marekani, wakaandika kwamba kati ya mambo ya ndani ya shule yanayomsaidia mtoto kujifunza, uongozi unashika nafasi ya pili, nyuma ya ufundishaji wenyewe. Hiyo «nafasi ya pili» imetembea dunia nzima, imefika mpaka ku semina zetu. Shida ni kwamba imefika bila maneno haya: mambo ya ndani ya shule. Njaa ya nyumbani, mshahara unaotoka au usiotoka Kinshasa, paa, mvua, hayo yako inje ya hesabu. Na shule nyingi zilizopimwa ni zile ambazo mwalimu analipwa kila mwezi bila kuuliza. Kule, hilo si swali. Kwetu njo swali la kwanza.

Miaka minne nyuma ya hapo, 2008, Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake wawili walichukua tafiti 22 wakazichambua kwa hesabu. Waligawa uongozi mara mbili. Kuna kiongozi tunayempenda ku semina, mwenye maono, anayewasha moyo wa watu kwa maneno. Na kuna kiongozi anayejishughulisha na masomo yenyewe: anaingia darasani, anafuata namna watoto wanavyosoma, anakaa na walimu wake. Huyu wa pili alizaa matokeo mara tatu mpaka mara nne kupita yule wa kwanza. Na kitu kimoja kilichopita vyote ni kiongozi kukaa chini na kujifunza pamoja na walimu, si kuwatuma tu semina na yeye kubaki ofisini. Nimesoma maandishi yetu matano tena nikiwa na hilo kichwani. Neno «darasa» liko mara mbili tu mu yote matano. «Maono» niliacha kuhesabu.

Sasa wazee watasema: basi zamani je? Hapa Likasi zamani shule zilikuwa shule, na prefe alikuwa prefe, akikohoa ku barabara watoto wanajificha. Hii hoja naisikia nyumbani kila Siku ya Mungu. Inastahili kujibiwa pole pole, juu ndani yake njo mahali uongo wetu ulianzia.

Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa na shule za watoto wa wafanyakazi wake, na kwa muda mrefu mapadri Wabenediktini njo walizishika. Serikali ilipoichukua kampuni kuanzia 1967 na mwishoni ikawa Gécamines, mpango haukuvunjika mara moja. Mwalimu wa shule ya kampuni alikuwa mtu wa kampuni: mshahara mwisho wa mwezi, nyumba, hospitali, chakula. Mtoto pia, baba yake alikuwa anakula kutoka mfuko huo huo. Ukiwa prefe mu shule kama hiyo, ukali wako unafanya kazi, juu mwalimu unayemkaripia iko na kitu cha kupoteza. Kutoka Panda mpaka Shituru, watu wanaokumbuka wanakumbuka watu: prefe fulani, fimbo yake, saa yake. Hawakumbuki karani wa mishahara. Huyo hakuwa na fimbo, hakuna aliyemwogopa, na alikuwa nguzo ya nyumba yote.

Halafu nguzo ikaondoka. Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka kule Kolwezi, nchi ikaingia mu vurugu za kisiasa, na kufika 1994 kampuni ilikuwa inatoa karibu tani 30,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile operesheni ya départs volontaires iliyosukumwa na fedha za Benki ya Dunia; mu Likasi hakuna familia isiyokuwa na hadithi yake juu ya hiyo. Niulize sasa: maprefe wa miaka ya 1980, walipofika 1995, maono yao yalienda wapi? Walikuwa watu wale wale, na ukali ule ule, wengine na suti ile ile. Shule ziliwaanguka mikononi. Kama sentensi yetu ilikuwa kweli, hazikupaswa kuanguka.

Ku shule za serikali na za makanisa mambo yalikuwa yameharibika hata mbele ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikuwa karatasi tu, migomo ikafunga shule, na kilichozifungua ni mapatano: mzazi atoe prime ya mwalimu. Ilisemwa ni kwa muda kidogo. Ilidumu zaidi ya miaka 25. Na prime haikubaki ku mwalimu. Kipande kilibaki ofisini kwa prefe, kingine kikapanda ku ofisi ya wasimamizi, kingine ku sous-division, kingine ku provinsi. Kristof Titeca na Tom De Herdt, watafiti wa Ubelgiji, waliandika vizuri 2011 namna elimu yetu iliendelea kusimama wakati serikali ilikuwa imelala: kwa mapatano ya kila siku kati ya kanisa, wazazi na maofisa, na kwa feza ya mzazi iliyolisha ngazi yote mpaka juu.

Kumbukeni basi kwamba mkubwa wa shule, kwa robo karne, kazi yake ya kweli kweli ilikuwa kukusanya. Aliteuliwa juu anajua kukusanya na kupandisha. Aliyepandisha vizuri alibaki. Aliyesema wazazi hawana kitu alipata barua ya mutation. Ukimleta huyo mtu ku semina na kumwambia awe kiongozi mwenye maono, atakusikiliza kwa heshima, atachukua brevet yake, na kesho atarudi kukusanya. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyefundishwa kazi nyingine.

Mnajua kilichofuata. Katiba ya 18 Februari 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi ku shule za umma ni ya lazima na ya bure. Ilikaa ku karatasi miaka 13. Septemba 2019 Rais Tshisekedi akaianzisha kweli, gratwite, na Juni 2020 Benki ya Dunia ikakubali dola milioni 800 za kuisaidia. Mimi niko upande wa gratwite na sioni haya kusema. Mtaani kwetu kuna watoto, wasichana zaidi, waliokuwa wanauza maji ya mifuko na leo wanajua kuandika jina lao. Lakini tuone nini ilimkuta mwalimu. Prime ya mzazi ilikatwa siku moja. Mshahara wa serikali ulipanda kwa wale walioko ku lisiti. Wasiokuwa ku lisiti, wale wanaoitwa nouvelles unités, walibaki kungoja, na wako wanaofundisha mwaka wa tatu, wa nne, bila hata franka moja ya serikali. Ku shule za miji, hata aliyelipwa aliona prime yake ya zamani ilikuwa kubwa kuliko nyongeza. Oktoba 2021, mwaka wa masomo ulipofunguliwa, walimu wengi wa shule za Kikatoliki waliweka chaki chini, na watoto walikaa nyumbani wiki nyingi.

Na huyu mkubwa wa shule, aliyezoea kukusanya? Kazi yake ilifutwa kwa tangazo, hakuna aliyemwonyesha mpya.

Mwezi wa tano direktere mmoja wa primeri hapa Kikula, mama wa heshima ambaye ni rafiki ya mama yangu, aliniruhusu nikae ku ofisi yake siku tatu. Ofisi ni kipande cha korido kilichofungwa na mbao. Siku ya kwanza alifika saa kumi na mbili na nusu. Mpaka saa nne alikuwa amejaza fishe mbili za hesabu ya watoto, moja ya serikali na moja ya kanisa, maswali ni yale yale lakini mistari haifanane. Hii inatoka mbali: serikali ilichukua shule zote 1974, ikashindwa, ikazirudisha kwa makanisa kwa konvansyon ya Februari 1977, na tangu hapo mkubwa wa shule ya konvansyone iko na mabwana wawili, wote wanamwandikia barua. Saa nne na nusu mwalimu wa darasa la tatu alikuja kusimama mlangoni. Hakusema kitu cha darasa. Alisema: «Mama direktere, ile dosye yangu ilifika wapi?» Dosye ni ya kuingia ku lisiti ya mishahara. Mama hana jibu, hawezi kuwa nalo, dosye iko Kinshasa. Akamwambia avumilie. Alisema hivyo hivyo kwa walimu wengine watatu mu siku hizo tatu. Siku ya pili aliitwa inje tangu asubuhi. Siku ya tatu, nilihesabu, aliingia madarasani dakika 12 zote pamoja, na mu hizo dakika alikuwa anasaini ma-journal de classe.

Nilimuuliza, kwa ujinga wa semina zangu, maono yake kwa shule ni nini. Akacheka mpaka akatoa kitambaa.

«Mwana yangu, mi niko na batoto mia moja na mbili mu première, na bamwalimu bane habalipwake. Vision yangu ni mwezi iishe.»

Sasa wekeni jibu hili karibu na maandishi yetu matano. Robinson anasema kiongozi anayesaidia ni yule anayekaa na walimu kujifunza nao. Ku karatasi hata sisi tuko nayo: cellule de base, walimu wa shule moja wakutane, mmoja afundishe somo la mfano, wengine wamwangalie, wamkosoe. Ni chombo kizuri sana, sijaona kizuri kuliko hicho mu nchi zenye feza. Lakini mwalimu asiyelipwa anatoka saa sita na nusu kwenda kuuza unga ama kufundisha watoto wa watu manyumbani. Mama direktere atamkamata na nini? Cellule de base ya shule yake iko ndani ya register, imeandikwa vizuri, na tarehe, na sahihi. Haikufanyika hata moja. Mwenyewe aliniambia, bila haya, na sikumlaumu.

Hii ya kuandika badala ya kufanya si ugonjwa wetu peke yetu. Huko India, mu jimbo la Madhya Pradesh, watafiti Karthik Muralidharan na Abhijeet Singh walifuata mpango mkubwa wa kuboresha uongozi wa shule: kila shule ikaguliwe, iandike mpango wake wa kujiboresha, ifuatiliwe. Karatasi zilijazwa vizuri. Mambo ya darasani hayakubadilika, watoto hawakujifunza zaidi, na mpango ulipanuliwa hata hivyo, juu karatasi zilikuwa nzuri. Niliposoma hiyo nilifikiri ni Likasi.

Hapa naomba mnivumilie, naingia ku kazi yangu. Udongo wetu wa Haut-Katanga mwingi ni mwekundu na uko na asidi. Mkulima anaweza kununua mbegu ya mahindi ya bei kali, ile iliyoboreshwa, akaipanda mvua za kwanza za mwezi wa kumi na moja, akatia hata mbolea ya NPK. Asipotia chokaa, fosfora inafungwa na chuma na aluminiamu ya udongo, mzizi hauwezi kuichukua, majani yanageuka rangi ya zambarau, na mbegu inatukanwa. Kuna sheria ya zamani juu ya hii, Carl Sprengel aliiona 1828 na Justus von Liebig akaieneza tangu 1840: mavuno yanapimwa na kile kinachopunguka zaidi, si kile ulichozidisha. Ukiongeza kitu ambacho si kile kinachopunguka, umetupa feza.

Semina za leadership njo mbegu ya bei kali. Tunaimwaga kwa udongo ambao shida yake ya kwanza ni lisiti ya mishahara.

Tanzania walijaribu kitu kinachofanana kwa kipimo kikubwa. Isaac Mbiti na wenzake, mu shule 350 za msingi, 2013 na 2014, waligawa: shule nyingine zikapewa feza ya matumizi peke yake, nyingine walimu wakaahidiwa bonasi kulingana na watoto wanaofaulu, nyingine zikapata vyote viwili. Feza ya matumizi peke yake haikuinua watoto. Bonasi peke yake, matokeo hayakuwa wazi. Vyote viwili pamoja vilifanya kazi, tena kupita kujumlisha kimoja kimoja. Mtu aliyesoma agronomia hawezi kushangaa, lakini nafurahi kwamba mtu alihesabu.

Najua jibu mnalotayarisha: basi umeua kila kitu, direktere akae akingoje Kinshasa? Hapana. Hapa njo nataka kukosoa hata wale wanaosema kila kosa ni la serikali, nao wako wengi ku page yetu.

Barabara mbili kutoka shule ya yule mama kulikuwa direktere mwingine, mwanaume, mtu wa maneno machache mpaka unafikiri amekasirika. Shule yake ilikuwa na umaskini ule ule: madarasa yanajaa, asubuhi na mchana, walimu wa lisiti na wasio wa lisiti. Alifanya mambo mawili. La kwanza, feza ya uendeshaji ikifika kutoka serikali, aliandika ubao wa mlangoni kwa chaki: imefika kiasi gani, imeenda wapi, imebaki kiasi gani. Mzazi anayeleta mtoto anasoma. Mwalimu anasoma. Mimi nimeusoma mwenyewe, uliandika hata sabuni. La pili ni dogo zaidi na kwangu njo lilikuwa kubwa. Kila direktere mnayemjua anamweka mwalimu wake bora ku darasa la sita, juu ya mtihani wa mwisho wa primeri, juu hapo njo shule inahesabiwa na jina lake linasikika. Yeye alimtoa mwalimu wake bora ku la sita akamshusha ku la kwanza. Alisema mtoto asiyejua kusoma kufika la tatu hasaidiwi tena na mtu, hata umletee profesa. Walimu wa la sita walinung'unika, wazazi wa la sita walinung'unika zaidi. Hakubadilisha.

Haikugharimu hata franka. Na hakuna semina kati ya zangu tatu iliyosema neno moja juu ya nani afundishe darasa gani. Mdogo wangu wa kike alikuwa mu la kwanza la huyo mwalimu. Leo anasoma maandishi ya mabasi, anasoma karatasi za dawa za bibi, anasoma kila kitu mpaka anachosha watu.

Kwa hiyo uongozi uko, nimeuona. Lakini uko mahali padogo sana na pa wazi: nani anafundisha wapi, feza inaonekana ama haionekani, saa za darasa zinalindwa ama zinaliwa. Hauko ku hotuba. Ku sekondari ile nilipofundisha, prefe wetu alikuwa mwenye hotuba kuliko wote wa Kikula. Kila Siku ya kwanza, bendera ikipanda, dakika arobaini juu ya ubora na nidhamu, watoto wanasimama ku jua. Neno Excellence lilipakwa ku ukuta kwa rangi ya buluu. Dakika arobaini zile zilikuwa zinatoka ku saa yangu ya kwanza ya biolojia. Nilizihesabu mwaka mzima: ni zaidi ya somo zima la uzazi wa mimea, ambalo wanafunzi wangu walikutana nalo mara ya kwanza ku mtihani. Wazazi walitoa feza ya laboratware. Laboratware ilikuwa kabati moja, funguo yake ilipotea. Na huyu mtu, kama mngemchagulia pointi kwa orodha ya semina zetu, maono, mvuto, usemi, angepata tisini ku mia.

Yule wa ubao wa chaki, kwa orodha hiyo hiyo, angeanguka. Haongei.

Sasa sehemu inayoniuma. Februari iliyopita alipata barua, mistari miwili: mutation, shule moja ya ng'ambo ya Kambove. Sababu haikuandikwa. Watu walisema ubao wake uliwachokoza wakubwa, mimi siwezi kuapa. Aliyemfuata si mtu mbaya, lakini wiki ya pili ubao ulifutwa na ukawekwa tangazo la kombinezoni za michezo, na mwaka mpya ulipofunguliwa mwalimu bora alirudi ku la sita. Miaka miwili ya kazi, barua moja. Hapa sentensi yetu inaonyesha ubaya wake wote. Kama shule ni mtu, basi mtu akiondoka shule inaondoka naye, na sisi tunakaa tukingoja mwingine atumwe kama mvua. Alichofanya yule mzee kilikuwa chake peke yake. Hakikuandikwa mahali, kamati ya wazazi haikukidai kuwa desturi ya shule, walimu hawakukitetea. Alipoondoka hakuna aliyekuwa na haki ya kusema: ubao huu ni wetu, urudishe.

Na haki hiyo iko, wandugu, tuache kulia kama hatuna sheria. Kila shule ya primeri inapaswa kuwa na COPA, kamati ya wazazi, na COGES, kamati ya uendeshaji ambamo wazazi wako ndani na wanapaswa kuona hesabu. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inawataja wazazi kama washirika wa shule. Mimi nilienda kuuliza ku shule tatu za Kikula nani ni prezida wa COPA. Ku moja walinitajia mtu aliyehamia Lubumbashi. Ku nyingine prezida ni shemeji ya direktere. Ku ya tatu walinijibu vizuri, wakanionyesha na daftari, na nilishangaa mpaka nikasahau kuuliza swali la pili.

Sisi wenye lisansi tunajua kusoma daftari la matumizi. Mwenye ekonomia anajua, mwenye sheria anajua, hata mtu wa mahindi kama mimi anajua kujumlisha. Lakini tumechagua kuandika juu ya maono ya prefe, juu hiyo haitugombanishe na mtu. Kuomba kuona daftari kunagombanisha. Mama yangu aliniambia wazi: «Weye unatafuta kazi, usiende kusumbua bakubwa ba masomo.» Na hayuko mjinga, mama yangu. Mu mji huu anayeandika barua ya mutation ya direktere anaweza kuwa huyo huyo anayepokea barua yako ya kuomba kazi ya ualimu. Nafikiri hofu hii inaeleza maandishi yetu matano kuliko upendo wa uongozi.

Mkutano mkuu wa wazazi wa shule ile ya ubao ulikuwa Siku ya Posho iliyopita, saa tatu. Nilienda kwa ajili ya mdogo wangu, baba alikuwa kazini. Shule iko na watoto zaidi ya elfu moja. Tulifika wazazi kumi na saba, kumi na wanne ni wamama. Niliomba ubao wa hesabu urudi mlangoni. Direktere mpya alisema ni wazo zuri, ataliwasilisha juu. Mama mmoja muuza ndagala, nyuma, akasema kwa sauti: «Chaki inatoka ku juu?» Watu walicheka, naye direktere akacheka kidogo, na sekretere akaandika mu daftari kwamba wazazi waliomba ubao. Mkutano mwingine ni mwezi wa kwanza.